Bangili Iliyoongezeka

Sikukuu ya mungu mke Durga ikikaribia, soko la Hatibagan halina adabu. Linakukanyaga, linakusukuma, linakupigia kelele sikioni, na ukitoka salama unashukuru. Sarbani Samaddar alilijua hivyo tangu alipoletwa Kolkata akiwa bi harusi, na bado kila mwaka alikwenda, maana sikukuu haiwezi kufika mama mkwe hana sari mpya.

Mwaka huu hakuwa na hamu. Mumewe, Nirupam, alikuwa ametoka hospitali majuzi, kifua kimefunguliwa na kushonwa tena, na alikataa kula. Hilo ndilo lililomkosesha Sarbani usingizi. Daktari alisema mgonjwa ale apate nguvu, la sivyo kazi yote ya kisu itakuwa bure. Lakini mgonjwa akiletewa sahani anageukia ukutani, na wali unapoa hapo hapo. Na kucheka ndiyo alikuwa amesahau kabisa.

"Tunanunua sari, unarudi kabla taa hazijawashwa," alisema Tultul, dada wa mumewe, aliyekuja kumtoa nyumbani. "Kaka hatakimbia. Hata hiyo miguu ya kukimbilia hana."

Wakamwacha mgonjwa na mama yake, bibi ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Jua lilikuwa limeshaegemea mapaa. Wachuuzi walikuwa wamemwaga bidhaa barabarani mpaka watu wanapita kwa ubavu, na kila mmoja alimwita Sarbani shemeji kama amezaliwa naye.

"Shemeji, kuangalia ni bure. Dhambi ni kuondoka mikono mitupu."

"Shemeji, rangi hiyo inakuzeesha. Chukua hii, mume atakuoa upya."

"Mume wake mwenyewe ni kaka yangu," Tultul alimjibu, "na hata mara ya kwanza tulimlazimisha." Wachuuzi wakaangua kicheko, na Sarbani naye akatabasamu kidogo, mara ya kwanza siku nyingi.

Walikuwa wameshapata sari ya bibi, nyeupe yenye mpaka wa kijani, wakati hamali mmoja alipokata msongamano na robota la vitambaa kichwani. Kando, kando, kando... Robota likamgonga Sarbani mkono wa kushoto.

Tak.

Sauti ndogo tu. Aliinua mkono. Bangili yake nyeupe, ile ya kombe la baharini aliyovishwa siku ya ndoa, ilikuwa vipande viwili katika kiganja chake.

"Ime..."

Tultul alimziba mdomo. "Usilitaje. Imeongezeka. Sema imeongezeka."

Mwanamke wa Kibengali aliyeolewa huivaa bangili ile muda wote mumewe yu hai, na siku inapoondoka mkononi kila mtu anajua kimetokea nini. Kwa hiyo neno lile baya halitamkwi. Bangili haiharibiki, huongezeka. Mchele ukiisha ndani, mchele umeongezeka. Hata mtu akiaga hasemi nakwenda. Husema nakuja, na mwenyeji humjibu, haya, njoo. Maneno huumba, na watu wa mji ule hawataki kujiumbia msiba kwa vinywa vyao wenyewe.

"Imeongezeka," Sarbani alisema. "Na kaka yako yuko katika hali ile, wifi."

"Ndiyo maana hatauona mkono huo mtupu. Mzee Kashinath, muuza bangili, yuko kichochoro cha nyuma ya wauza samaki. Vaa nyingine sasa hivi. Mimi lazima niwahi basi la kurudi kwangu, mwanangu ananingoja." Tultul alimbana bega. "Na vipande usiviache ovyo, vipeleke mtoni. Haya, nakuja."

"Njoo," Sarbani alijibu, na wifi yake akamezwa na watu.

Kichochoro kilikuwa kiza. Umeme ulikuwa umekatika upande ule, na mwanga pekee ulikuwa mshumaa katika duka la Mzee Kashinath. Hewa ilijaa vumbi jeupe la makombe yaliyokatwa kwa msumeno, harufu kama ya mfupa ulioungua. Na chini yake kulikuwa na harufu nyingine... ya samaki mbichi. Sarbani hakuitilia maanani, maana wauza samaki walikuwa nyuma tu ya ukuta.

Kwenye benchi palikuwa na mwanamke mmoja. Sari nyeupe yenye mpaka mwekundu, ncha yake imevutwa mpaka kidevuni. Mikono ameificha.

"Legeza vidole, mama," alisema mzee, akimpaka Sarbani sabuni mkononi. "Bangili ni kama mume. Ukishindana naye haingii."

Bangili mpya ikateleza mpaka kwenye kifundo. Mzee akaitazama kwenye mwanga, akaguna, akasema haikulingana na mwenzake wa mkono wa kulia, akaenda nyuma ya pazia kutafuta jozi iliyo sawa.

Mwali wa mshumaa ukalala upande. Upepo haukuwepo.

"Dada..."

Sauti ilitoka puani. Nyembamba, kama ya mtu mwenye mafua makali.

"Ile ya zamani, dada... imekuwaje?"

Sarbani hakupenda kuulizwa. Lakini adabu ni adabu. "Imeongezeka."

Mwanamke akainua kichwa.

"Imeongezeka?"

"Ndiyo, dada."

"Kwako zimeongezeka..." Mwanamke alivuta pumzi ndefu, kama mtu anayenusa chakula cha jirani. "Basi nigawie ile iliyozidi. Mimi sina hata moja."

Sarbani alimwonea huruma. Alidhani ni maskini wa Mungu, pengine mjane aliyechanganyikiwa na majonzi, na yeye mwenyewe mawazo yake yote yalikuwa nyumbani. Akaviweka vile vipande viwili katika kiganja kilichonyooshwa. Kiganja kilikuwa cha baridi, na chenye unyevu. Mzee akarudi na jozi, akamvisha upesi, na Sarbani akainuka kuaga kama anavyoaga siku zote.

"Haya dada, nakuja."

"Usijisumbue," ilisema ile sauti ya puani. "Natangulia."

Sarbani aligeuka kuokota mfuko wake wa sari. Alipoinua uso, benchi lilikuwa tupu. Ubao wake ulikuwa umelowa.

"Ulikuwa ukisema na nani?" mzee aliuliza.

"Na yule mama aliyekaa hapa."

Mzee Kashinath alinusa hewa. Akainama, akatazama ule unyevu, wala hakuugusa. "Vipande viko wapi?"

"Ameniomba, nimempa."

Mzee akainuka. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Nenda nyumbani, mama. Usisimame popote. Nenda."

Hakumwambia njoo, kama muuzaji yeyote anavyomuaga mteja. Alimwambia nenda. Sarbani alikuwa amefika nje alipolielewa neno lile.

Akakata njia ya mkato, katikati ya wauza samaki. Taa zilikuwa zikiwaka upande huu, na mambo yalionekana ya kawaida, magamba chini, paka chini ya meza. Muuzaji mmoja, Bishu, aliyemjua miaka mingi, alimwona akacheka.

"Shemeji, umerudi? Samaki ilish mzima hakuwatosha? Nyumbani kuna harusi nini?"

"Sijanunua samaki leo."

"Haya, na mimi siitwi Bishu." Akafuta kisu kwenye gunia. "Tena hayo mafua yaangalie. Sauti yote imeingia puani. Chemsha tangawizi."

Sarbani aliongeza mwendo. Kwenye kona ya wauza maua, mama mmoja mwenye mataji ya maua ya njano alimtazama akamtazama tena.

"Wewe mama, unazunguka nini? Si umenipita sasa hivi na mfuko wa samaki?"

Hapo akaanza kukimbia. Aliwapamia watu, akaomba radhi, akawapamia wengine. Mbele kabisa, katikati ya vichwa, aliona mgongo wa mwanamke. Sari ya rangi ya manjano, kama aliyovaa yeye. Nywele zimefungwa fundo la chini, kama lake. Na bega la kushoto likishuka kidogo kila hatua, kama Sarbani anavyotembea tangu alipoanguka ngazini utotoni...

Mtu huyo aligeuza kichwa nusu. Kisha watu wakafunga njia.

Alifika kwenye kichochoro cha nyumbani kwake saa ya kuwasha taa. Ni saa ambayo wake wa nyumba hupuliza kombe la baharini kama baragumu mbele ya mungu wao, na nyumba moja ikianza nyingine hudakia. Vuuuu... kwa majirani, akina Chakladar. Vuuuu... kwenye ghorofa ya mkabala. Nyumba yake ingekuwa kimya, maana aliyekuwa na kazi hiyo ni yeye. Bibi hakuwa na pumzi tena. Mumewe alikatazwa hata kukohoa kwa nguvu.

Vuuuuuuuuuu...

Lilitoka dirishani kwake. Refu, refu mno, kwa pumzi moja ambayo haikukatika.

Mlango wa chini ulikuwa umefungwa. Akagonga. Juu, kwenye kibaraza, mama mkwe aliinamia reli na macho yake ya ukungu.

"Nani?"

"Mimi, Mama. Sarbani."

"Usinichezee, mtoto wa watu. Sarbani yuko jikoni na samaki wake."

Na hapo ndani, nyuma ya bibi, Sarbani alimsikia mumewe akicheka.

Kicheko chenyewe kabisa, cha zamani, kile cha kabla ya hospitali. Kabla hajaogopa, moyo ulimuuma. Alikuwa amemwombea kicheko kile usiku na mchana, na sasa kimekuja, lakini kwa ajili ya mwingine.

"Mama," aliita, akijikaza sauti isitetemeke, "nimekuletea sari ya mpaka wa kijani. Ile uliyoniagiza sikioni, ukanikataza kumwambia Tultul kwamba ni wewe uliyeichagua, asije akasema unanipendelea mimi."

Bibi aligeuza shingo kuelekea jikoni, akaigeuza tena kuelekea chini. Kisha kikapu kidogo chenye ufunguo wa mlango kikaanza kushuka kwa kamba kutoka kibarazani.

Sarbani alipanda ngazi. Uvundo wa samaki ulimpokea katikati.

Chumbani mumewe alikuwa ameketi wima kitandani, mashavu yana damu, sahani mapajani. Miiba tu ndiyo iliyobaki. Hakumwona Sarbani akipita nje ya mlango.

"Leta kingine," aliita kwa furaha.

"Wasikia?" ilimjibu sauti ya jikoni. "Nakuja..."

Wasikia. Sarbani hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Tangu siku ya kwanza alimwita hivyo tu, Wasikia, kama walivyofundishwa wake wa rika lake. Lilikuwa neno lake. Akaingia jikoni.

Jiko halikuwa limewashwa. Halikuwashwa kabisa... lilikuwa baridi, na majivu ya asubuhi yamo vile vile. Mwanamke alikuwa amechuchumaa, mgongo mlangoni, amevaa sari ya nyumbani ya Sarbani iliyoanikwa kambani, akikata samaki. Damu ya samaki ilikuwa ikitambaa sakafuni. Kwenye kifundo chake cha mkono vile vipande viwili vilikuwa vimefungwa pamoja kwa uzi mwekundu, na kila akikata viligongana. Tik. Tik.

"Toka nyumbani kwangu," Sarbani alinong'ona.

"Kwetu." Hakugeuka. "Ulisema zimeongezeka. Bangili ikiongezeka, mke ameongezeka. Ukanigawia kwa mkono wako."

"Ni neno tu. Tunasema hivyo, lakini..."

"Lakini nini? Kama hazikuongezeka, zimefanya nini?" Kisu kikasimama. "Lipo neno lake. Litamke. Yuko hapo, anasikia."

Tik.

"Litamke, dada. Tuone nani atabaki na bangili."

Sarbani alielewa, na kuelewa kulikuwa kubaya kuliko kuogopa. Akinyamaza, huyu amekaa. Akisema, ametamka kwa kinywa chake, saa ya taa, ndani ya nyumba yenye mgonjwa, neno ambalo mke halitamki. Alimwazia mumewe na ule mshono kifuani. Alifikiri kwamba huyu amemlisha, yeye ameshindwa. Kwa kitambo alifikiri hata kunyamaza, kushuka ngazi polepole, na kumwachia. Ndivyo alivyompenda.

"Leta basi," mumewe aliita. "Nina njaa."

Samaki mbichi. Alikuwa akilishwa samaki mbichi, na akicheka.

"Haikuongezeka," Sarbani alisema. Akafumba macho.

"Imevunjika."

Kitu kilianguka sakafuni, vipande viwili, kimoja baada ya kingine. Baridi ikampita ubavuni, ikamlowesha bega la sari. Hatua zilishuka ngazini bila haraka, na chini kabisa, kwenye kizingiti, ile sauti ya puani iliaga kwa heshima zote, kama mwanamke yeyote aliyelelewa vizuri katika mji ule.

"Haya... nakuja."

Sarbani alikimbilia chumbani. Mumewe alikuwa ameshika kifua. Alimtazama usoni, na damu ya mashavu ilikuwa imeondoka.

"Nini kimevunjika?" aliuliza.

"Sahani," Sarbani alisema. "Sahani tu. Lala."

Alikaa kando yake akisikiliza pumzi zake mpaka majogoo.

Hakufa. Kesho yake Tultul alivichukua vile vipande, akavifunga kitambaani, akavizamisha mtoni kwa mkono wake, kisha wakaenda pamoja kwa Mzee Kashinath. Mzee hakuwa na mengi ya kuwaambia. Alisema harufu ile humjia dukani saa ya taa, miaka mingi sasa, na hajui ni nani.

"Mimi nauza bangili za wake," alisema, akipuliza vumbi la makombe mezani. "Wengine hufa kabla ya waume zao, na maiti zao huchomwa nazo mikononi, zikawa majivu. Watu husema hao wana bahati. Wenyewe hakuna aliyewauliza."

"Amekwenda?" Tultul aliuliza.

"Aliagaje?"

Sarbani alimwambia. Mzee akaendelea na msumeno wake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwenyeji alipona. Tangu jioni ile Nirupam alikula kilichowekwa mbele yake na kuomba zaidi, daktari akamsifu Sarbani kwa uuguzi mwema, na Sarbani akainamisha kichwa. Jambo moja tu lilimkwaza. Kila alipopika samaki, kwa haradali, kwa manjano, kwa mapenzi yake yote, mumewe alionja, akatabasamu, akasema, "Wazuri. Lakini si kama wa siku ile." Alilisema bila ubaya, na Sarbani alikwenda kulilia jikoni.

Sikukuu ikapita, sanamu za Durga zikazamishwa mtoni. Siku moja alasiri Nirupam akavaa viatu, akachukua mfuko, akasema amechoka kuwa maiti na atakwenda sokoni kwa miguu yake kununua samaki. Bibi alimwombea dua. Sarbani alimtazama kutoka kibarazani mpaka alipopotelea kona, akaanza kungoja.

Makombe yakaanza kulia. Alipuliza la kwake, akasimama juu ya ngazi, mkono umeshika bangili. Alichotaka ni kitu kimoja, asikie nyayo.

Akazisikia. Za mumewe, polepole, zikipumzika kila baada ya vidato vichache. Zilikuwa za mtu mmoja tu. Sarbani alishusha pumzi, akapangusa machozi kwa ncha ya sari, akashuka kumpokea katikati.

"Umechoka?" alimwuliza. "Na samaki wako wapi?"

Mumewe alimtazama, akatazama nyuma yake ngazini, akamtazama tena. Tabasamu lilikuwa bado usoni, lakini macho yalikuwa yameanza kuuliza.

"Mfuko si nimekupa wewe hapo chini? Mwenyewe umeniambia, 'Wewe tangulia, nakuja.'"